Mashine nzima, wanasema imekufa: uzi wa fundi wa Mwanjelwa kuhusu Windows 10

Mleta uzi, Mbeya

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda cha steshenari na ufundi hapa Mwanjelwa. Uzi utakuwa mrefu kidogo. Mwenye haraka aupitie baadaye akitulia, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu Oktoba na leo nimeona nilitoe.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Rungwe. Mvua ilikuwa inapiga, laptopu kaifunga kwenye khanga na juu yake mfuko wa nailoni. HP EliteBook 840 G3. Nikamwamkia, akaketi, akasema: "Mwanangu, nimeambiwa hii imekufa. Nitolee tu alama za wanafunzi na picha za marehemu baba yenu, halafu niiuze." Alikopita kabla yangu walimwambia kompyuta yake imeisha muda, haiingii mfumo mpya, ila wangemsaidia kuichukua kwa elfu tisini, aongeze laki tano apewe nyingine.

Nikaiwasha, ikawaka. Taratibu, ndiyo, dakika nne nzima mpaka kufika mahali pa kufanyia kazi, lakini ikawaka. Nikaomba ruhusa ya kuifungua. Kwenye feni kulikuwa na tandiko la vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo. Nikalikusanya kwa brashi, nikalisugua kwenye vidole: chaki. Miaka yote ya ubaoni imeingia kwa yale matundu ya chini. Pesti ya kupooza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa imekauka mpaka inabanduka vipande. Diski ni ile ya kuzunguka, ya zamani. Kumbukumbu ya RAM GB 8. Kibodi inaandika herufi zote, skrini haina hata mstari mmoja.

Hiyo ndiyo maiti niliyoletewa.

Sasa nieleze kilichotokea, maana wengi mnaletewa habari nusu. Microsoft walitoa Windows 10 mwezi Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuihudumia. Kuacha kuihudumia si kuizima. Inawaka leo kama ilivyowaka juzi, faili zako zipo, Word yako inafunguka. Kilichokoma ni vile viraka vya usalama vya bure vilivyokuwa vinakuja kila mwezi. Tundu likigunduliwa leo kwenye Windows 10, kwako litabaki wazi, na wezi wa mtandaoni nao wanasoma habari hizohizo. Kwa hiyo hatari ipo, ila ni hatari ya nyumba ambayo kitasa chake hakibadilishwi tena. Haijabomoka.

Ukitaka kuhamia Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, unakutana na masharti. Inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, na inataka prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, kilichoanza kutoka 2017. EliteBook G3 ni kizazi cha 6. G4 ni cha 7. G5 nyingi ndizo za cha 8, zinapita. Zipo mashine za kizazi cha 7 zenye TPM 2.0 tayari, RAM ya kutosha, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), kila kitu, na bado zinakataliwa kwa sababu ya prosesa tu.

Hapa ndipo moyo unaniuma. Hizi mashine sisi hatuzinunui mpya. Zimekaa miaka mitatu minne kwenye ofisi za Uingereza au Ujerumani, zikauzwa kwa mafungu, zikafika Kariakoo, zikapanda basi kuja huku. Mashine iliyotengenezwa 2016, kwa mwenye ofisi wa kule ni ya zamani, kaishaisahau. Kwa mwalimu huyu iliingia nyumbani 2021, kaichangia kwa mkopo wa kikoba, ndiyo kwanza inaanza kumlipa. Umri wa kompyuta unahesabiwa kwa kalenda ya mnunuzi wa kwanza, na mnunuzi wa pili anashtukia tu ameambiwa muda umekwisha.

Nitaendelea. Karibuni kwanza na nyie mseme mnayokutana nayo.

Mchangiaji wa 2, Iringa

Kamwene mkuu. Nipo Kihesa, nina ThinkPad niliyoinunua kwa mtu wa chuo. Nitajuaje kizazi chake bila kuipeleka kwa fundi? Maana hapa mjini kila fundi ana jibu lake.

Mleta uzi

Kamwene ndugu yangu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, gonga Enter. Itafunguka orodha ndefu, tafuta mstari wa prosesa. Utaona kitu kama i5-7300U. Tazama tarakimu inayofuata baada ya kistari: hiyo 7 ndiyo kizazi. Ukiona i5-8350U ni kizazi cha 8. Namba ikianza na 1, kama 10210, basi tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha 10.

Na hili liwekeni akilini mnapokwenda kununua mtumba. "Core i5" peke yake haikwambii kitu. Kuna i5 ya 2011 na i5 ya mwaka juzi, na mwuzaji asiye mwaminifu anazipanga meza moja. Ona hiyo namba kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Mchangiaji wa 3, Njombe

Nafuatilia uzi.

Mchangiaji wa 4, Tunduma

Mkuu nikuulize kwa heshima. Hapa kwetu nani analipia Windows? Fundi ana flashi yake, elfu kumi anakupigia Windows, kraki (ya kuitumia bila kulipia) juu, Office juu, unaondoka. Hata hiyo 11 kuna namna ya kuiingiza kwa nguvu kwenye mashine ya zamani. Sasa sisi masharti yao yanatuhusu nini?

Mleta uzi

Mkuu wa Tunduma umegusa kidonda, na sitakificha. Mimi mwenyewe nimepiga Windows za kraki kwa miaka. Ndiyo iliyonilipia kodi ya kibanda.

Mwaka 2019 alikuja kijana wa chuo, mwaka wa tatu, analia kabisa, mwanaume mzima. Faili zake zote zilikuwa zimeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, hakuna hata moja inayofunguka, na kwenye kila folda kuna karatasi ya maandishi ya Kiingereza inayomdai fedha. Utafiti wake wa miezi saba ulikuwa humo. Nakala nyingine ilikuwa kwenye flashi, na flashi alikuwa ameichomeka muda uleule. Mashine ile nilikuwa nimeipigia Windows mimi, miezi minne nyuma, na ile kraki ilikuwa inataka uzime antivairasi kwanza ndipo ifanye kazi. Niliizima. Sikuirudisha. Kirusi kiliingia kwa mlango upi siwezi kuthibitisha, lakini mlango nilioufungua kwa mkono wangu naujua. Kijana aliandika upya kwa kutumia makaratasi ya hojaji zake, tukamchapia bure. Tangu siku ile sijaweka tena kraki kwenye mashine ya mtu.

Na kuhusu viraka, mtu asifikiri ni maneno ya kutishana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa siku chache, kikafunga kompyuta za hospitali za umma Uingereza, wagonjwa wakarudishwa majumbani. Lile tundu lililopitiwa na kirusi hicho, Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka Machi, miezi miwili nyuma. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamekipokea. Ndiyo maana nasema kuachwa bila viraka ni jambo zito, na ndiyo maana nakasirika mtu anapoachwa huku mashine yake ni nzima.

Kuingiza 11 kwa nguvu inawezekana, ndiyo, programu ya Rufus inakusaidia kuruka ukaguzi. Lakini Microsoft wameshasema mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho. Leo yanakuja, siku wakiamua yasije huna pa kulalamika. Kwa kompyuta yangu ya kuchezea nitafanya. Kwa mashine ya mwalimu yenye alama za watoto wa watu, hapana.

Halafu hili la "hayatuhusu" mkuu ndilo linalotumaliza. Mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka upo, unafika 13 Oktoba 2026. Bei waliyoweka ni dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Kule Ulaya muungano wa vyama vya watumiaji uitwao Euroconsumers uliwabana, na Septemba 2025 Microsoft wakalegeza: nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya zikapewa mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi mipangilio kwao, ingawa akaunti bado inatakiwa. Kampuni ni ileile, Windows ni ileile. Tofauti ni kwamba wale walisimama wakadai kama wateja. Sisi tuliotumia kraki miaka ishirini, siku ya kudai tutajitambulisha kama nani?

Mchangiaji wa 4, Tunduma

Hapo umenielewesha kaka. Pole kwa huyo kijana.

Mchangiaji wa 5, Njombe

Mimi nasema hivi: hameni. Niliweka Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, kwenye Dell ya kizazi cha 4 mwaka jana, mashine inaruka. Hainiulizi akaunti, haijiwashi upya yenyewe nikiwa naandika, na kila kitu ni bure kihalali. Tena wengi hawajui kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, na Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Ubuntu ni neno letu hilo wabantu, ni utu. Sasa kwa nini sisi ndio wa mwisho kuitumia?

Mchangiaji wa 6, Makambako

Mkuu wa Njombe usiwarahisishie watu. Mimi nafanya hesabu za wafanyabiashara wa mbao na mahindi. Programu yangu ya uhasibu inakaa kwenye Windows tu. Nina faili za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) nilizozitengeneza kwa miaka sita. Nilijaribu hiyo LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, nusu ya makro zikagoma, na mteja yupo mlangoni anataka ripoti. Nilirudi Windows siku hiyohiyo. Mtu akikushauri uhame akuulize kwanza unafanya kazi gani.

Mleta uzi

Nyote wawili mna ukweli, na kwa kweli huyu wa Makambako kasema jambo ambalo mafundi hatulisemi. Swali la kwanza ni kazi. Mtu wa uhasibu mwenye programu yake, namshauri achukue huo mwaka wa nyongeza huku anajichanga kwa ajili ya kizazi cha 8 kwenda juu, na asiitupe ya zamani.

Ila wateja wangu wengi hapa si wahasibu. Ni barua, maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za michango ya harusi, kuangalia matokeo, kuchapa tiketi. Kazi hizo zote Linux inazifanya. Pale steshenari mashine mbili kati ya tatu zinatumia Mint tangu Novemba na kuna wateja wamekaa wakaandika CV mpaka mwisho bila kujua.

Tatizo nililokutana nalo sana ni kurasa kuhama. Mwanafunzi analeta utafiti kwenye flashi, kauandika kwa Word, ukiufungua kwa LibreOffice jedwali la yaliyomo linasema sura ya nne ipo ukurasa wa 31 kumbe imekwenda 33. Kijana anapaniki, muda wa kukusanya ni saa tisa. Mara nyingi sababu ni fonti, yaani aina ya herufi. Calibri na Times New Roman ni mali ya watu, hazimo ndani ya Linux, kwa hiyo mashine inatafuta fonti ya kufanana. Hakikisheni Carlito na Liberation Serif zimewekwa. Zimetengenezwa makusudi ziwe na upana uleule wa herufi, ya kwanza kwa Calibri, ya pili kwa Times New Roman, na mistari inakatika palepale ilipokatika. Kazi ya kuchapwa tu, mwambie mteja aje na PDF kutoka hukohuko alikoandikia. Nimeandika tangazo hilo kwa kalamu nzito nikalibandika ukutani, ugomvi umepungua.

Mchangiaji wa 7, Iringa

Shikamooni wakubwa, kwa wadogo marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, nafundisha wajukuu kompyuta hapa Mshindo.

Nawasoma mnavyosema haki na utu, nami niongeze la lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutafsiri bila kupiga magoti kwa kampuni. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo kuona "hifadhi" na "chapisha" kwenye menyu. Wajukuu zangu leo wanajifunza kwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la tatu anakariri umbo la neno bila kujua maana yake, kama sisi tulivyokariri misa ya Kilatini. Mashine inapomwuliza akubali au akatae, anabonyeza tu. Mtu asiyeelewa anachoulizwa hajakubali chochote.

Mleta uzi

Marahaba... samahani mzee wangu, shikamoo. Umesema neno kubwa. Mwalimu wa Rungwe naye nilipomwuliza kwa nini kompyuta yake ilikuwa inatuma kila kitu kwenye akaunti ya mtandaoni, alisema: "Kiliniuliza kitu, nikabonyeza cha bluu."

Mchangiaji wa 8, Mbeya

Ndaga fijo mkuu kwa uzi huu. Mimi nipo Uyole, nauza pembejeo. Linalonimaliza ni bando. Naweka bando la wiki asubuhi, mchana limekwisha na sijafungua hata video. Nifanyeje?

Mleta uzi

Ukiunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, Windows inadhani upo kwenye waya usio na mwisho kama ofisi za kwao, inajipakulia masasisho ya GB kadhaa kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, bonyeza jina la hotspoti yako, washa palipoandikwa "Metered connection". Hapo inajua unalipa kwa kipimo, inapunguza. Kisha tafuta siku moja kwa mwezi, uende mahali penye waifai ya kudumu, uiachie ishushe viraka vyake vyote, chaja ikiwa imechomekwa. Msizime masasisho moja kwa moja kama mafundi wengi wanavyowafanyia, mmeona hapo juu WannaCry ilivyofanya.

Linux nayo ina masasisho, tofauti ni kwamba inakuonyesha orodha na ukubwa wake, na inasubiri wewe useme ndiyo.

Mchangiaji wa 5, Njombe

Mkuu hukumalizia habari ya mwalimu. Ikawaje?

Mleta uzi

Nilikuwa naifikia. Kwanza nilinakili alama na picha zote kwenye diski ya nje, nikamwonyesha moja moja mpaka akatosheka. Kuna picha ya mzee amesimama mbele ya migomba na baiskeli, akaitazama muda mrefu, nikatoka nje kidogo nikamwacha.

Nikamweleza njia zilizopo kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na hiyo ya mwaka mmoja wa nyongeza. Akauliza swali moja tu: "Nitaweza kuandika alama?" Nikamwekea Mint kwenye flashi, ikawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yake, nikafungua faili lake la alama za darasa la sita, nikamwachia kiti. Akaandika majina matatu, akajumlisha, akaona wastani umetoka sawa. Akasema weka.

Nilisafisha chaki, nikapaka pesti mpya, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD ya GB 256. Jumla alilipa elfu themanini na tano, SSD ikiwa ndiyo sehemu kubwa. Sasa inawaka kwa sekunde zisizofika ishirini. Toleo la Mint nililomwekea ni la 22, viraka vyake vinakuja mpaka 2029. Ile diski ya zamani nimemrudishia mkononi, ndani ya bahasha, maana ina maisha yake na haifai kubaki kwa fundi.

Jana amenipigia simu. Shuleni wana printa moja ya zamani yenye skana juu, ya kuunganisha kwa waya wa USB. Kuchapa inachapa vizuri, ila skana Mint haiioni kabisa, na anataka kuskani vyeti vya kuzaliwa vya watoto kabla ya Ijumaa. Nimejaribu programu ya kuskani inayokuja na Mint, nikaongeza na vifurushi vya SANE, vya kuendeshea skana kwenye Linux, bado kimya. Mwenye uzoefu na skana za USB kwenye Linux aniandikie hapa hapa, mimi Alhamisi asubuhi napanda gari la Tukuyu kwenda kumtazamia.